Mistari Aliyoipinda Rula

"Huyo mama uliyemchora anaelea."

Maneno yalitoka juu ya kichwa chake. Fundi hakuinua macho mara moja, maana katika ukumbi wa tiketi wa stesheni, Jumamosi asubuhi, kila mtu ana la kusema, na ukimsikiliza kila mtu huchori. Foleni zilikuwa tano, vipaza sauti vilikoroma habari za treni zilizochelewa, na mtoto mmoja alikuwa amelala mdomo wazi juu ya sanduku la mama yake. Fundi alikaa sakafuni kwenye kona, mgongo ukutani, daftari mapajani, akiwachora wote.

"Na huyo mzee wa kofia atamwangukia."

Hapo akainua macho. Akaona kwanza viatu bapa vyeusi vilivyong'arishwa, kisha sketi ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, kisha blauzi nyeupe iliyofungwa vifungo vyote, na mwisho uso wa mwanamke kijana aliyekunja paji kana kwamba ameona panya jikoni. Mgongoni alibeba mrija mrefu wa plastiki wa kuwekea ramani.

"Anaelea vipi, dada?"

"Miguu yake haigusi sakafu. Tena tazama vigae vyako. Kama ukumbi huu ungekuwa hivyo ulivyouchora, sote tungekuwa tumeteleza tukarundikana pale dirishani."

"Wewe ni mkandarasi?"

"Nachora ramani za nyumba."

"Ahaa. Basi hebu na mimi nione kazi yako, nikuonee makosa."

Yule dada angekuwa na akili ya tahadhari asingefungua ule mrija. Lakini alikuwa na majivuno ya kazi yake, na majivuno hayana subira. Akachomoa karatasi, akaikunjua mbele ya pua ya mtu asiyemjua. Ilikuwa picha ya ukumbi wa zahanati mpya, kuta zimenyooka, dari inakimbia mbali vizuri mpaka unasikia baridi yake. Fundi aliitazama kwa muda mrefu.

"Jengo nimelikubali. Sasa hizi pamba za masikio zimesimama humu ndani zinafanya nini?"

"Hao ni watu."

"Watu! Wanaumwa nini?"

Akataka kununa, kicheko kikamtoka. Akacheka mpaka foleni ikampita, na treni yake ikaondoka bila yeye. Wakabaki pale kwenye kona, mmoja anajua nyumba bila watu, mwingine anajua watu bila nyumba, wakapatana kufundishana. Kazini walimwita Rula, kwa sababu ya ile rula aliyotembea nayo na kwa sababu ya namna alivyosimama. Fundi naye akalichukua jina hilohilo, ila kinywani mwake lilitamkwa polepole.

Fundi alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa kimoja kirefu: cherehani mlangoni penye mwanga, meza ya kukatia katikati, na nyuma ya pazia kitanda kifupi, cha karibu na sakafu, alichokiunga mwenyewe kwa mbao. Kila Jumamosi Rula alifika saa nne, na mlango ulibaki wazi, kwa amri ya shangazi yake. Shangazi alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, alimlea Rula tangu akiwa na miaka sita, na hakuwa mtu wa kurudia amri.

"Dakika moja," Fundi alimwambia siku ya kwanza, amesimama mbele yake mkono mmoja kiunoni. "Nichore. Usianze na kichwa. Kila mtu anaanza na kichwa. Fuata uti wa mgongo, uone unaelekea wapi."

"Siuoni uti wa mgongo. Naona shati."

"Basi tatizo lako ndilo hilo. Unaona shati."

Rula naye alimfundisha kwa vifaa vya pale pale. Alichomeka pini ukutani, akafunga nyuzi tatu za kushonea, akazivuta mpaka kwenye pembe za meza, na Fundi akaona kwa macho yake jinsi kingo zote zinavyokimbilia kwenye ile pini. "Hapo ndipo macho yako yalipo," Rula alimwambia. "Ukichuchumaa, pini inashuka. Ukipanda kwenye kiti, inapanda. Mtu akinionyesha picha iliyochorwa sawasawa, naweza kumwambia alikuwa amekaa wapi alipoichora, hata kama hataki nijue."

"Mungu wangu! Kumbe nimejipatia askari."

Baada ya miezi mitano walikuwa wanaitana mpenzi, na simu zao zilianza kabla ya chai.

"Umeamka, mkandarasi wangu?"

"Nimeamka. Wewe umemchora nani leo?"

"Nimemchora muuza magazeti mara kumi na moja. Sasa amenuna, anasema namuibia sura."

"Mikono umechora, au umemtia mifukoni tena?"

"Nimechora, laazizi. Vidole vyote kumi, nimehesabu."

Fundi alikuwa na jambo moja analolitaka kuliko yote, nalo ni chuo cha sanaa. Mwaka mmoja nyuma aliomba nafasi akakataliwa, na mwalimu wa michoro alimwandikia sentensi moja: "Watu wako wanaishi, lakini chumba chao kinaanguka." Chuo hakikupokea mtu aliyepita miaka thelathini, na yeye angetimiza thelathini na moja kabla ya mwaka mwingine wa maombi. Hii ilikuwa mara yake ya mwisho. Mtihani ulikuwa ule ule: picha kubwa ya mahali penye watu, wasipungue ishirini. Fundi alichagua ukumbi wa tiketi. Walikubaliana kwamba Rula atamwekea mistari ya jengo kwa penseli nyepesi, Fundi ataweka watu, kisha atapitisha wino, na Ijumaa ataipeleka chuoni.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia Rula alimpigia simu kumwambia atapita jioni baada ya kazi.

"Leo usije, mpenzi. Nina mteja wa haraka."

"Mteja gani?"

"Mteja tu. Tutaonana Jumamosi."

Sauti yake ilikuwa na kitu. Fundi hakujua kudanganya, na mtu asiyejua kudanganya akificha jambo dogo huonekana ameficha kubwa.

Jumamosi Rula alifika nusu saa kabla. Mlango ulikuwa wazi, Fundi alikuwa amevuka barabara kununua uzi. Daftari lilikuwa mezani. Alilifungua bila ubaya wowote, kama alivyolifungua mara nyingi, na kwenye ukurasa wa mwisho akamkuta mwanamke.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba hiki hiki, amegeuza mgongo. Nywele zimefungwa juu, shingo nje. Gauni lilimkaa mwilini kwa namna ambayo Rula, na sketi zake za kijivu, hakuwahi kukaliwa na nguo. Bega moja lilikuwa wazi kabisa, gauni upande ule halina mkono. Nyonga zilijaa, na penseli ya Fundi ilikuwa imezipitia taratibu, bila haraka. Chini ameandika: Alhamisi.

Wanawake wengine wakishuku hunusa shati. Huyu alitoa rula.

Akairefusha mistari ya dirisha, ya meza, ya vigae, na kidole chake kikafuata mpaka ilipokutana. Ilikutana usawa wa magoti ya yule mwanamke. Akapima tena. Magoti. Aliyesimama haoni hivyo, na aliyekaa kwenye kiti haoni hivyo. Mwenye kuona hivyo macho yake yako chini, kimo cha kile kitanda kifupi nyuma ya pazia. Akageuka akalitazama pazia. Lilikuwa limefunguliwa. Kwa hiyo Fundi alikuwa amejilaza pale, mkono mmoja chini ya kichwa labda, akimtazama mwanamke anavaa. Na kilichomkata maini zaidi ni kwamba mistari yote ilikuwa sahihi. Alimfundisha mwenyewe.

Ningekuwa mimi ningepiga kelele. Ningelichana daftari nikamtupia usoni akiingia na uzi wake. Lakini Rula hakulelewa katika kelele. Alilifunga daftari, akalirudisha kwenye pembe ile ile ya meza, akajifuta macho kwa kiganja, na hasira ikamwingia ikatulia kama mgeni aliyekuja na mizigo.

"Umewahi!" Fundi aliingia anatabasamu. "Karatasi iko tayari. Tuanze?"

"Tuanze, mpenzi."

Akaweka mistari. Alikaa saa tatu juu ya ile karatasi kubwa. Dari, nguzo, madirisha ya tiketi na vigae vyote aliviweka. Ila mistari ya upande wa kulia aliipeleka kwenye nukta moja, na ya upande wa kushoto kwenye nukta nyingine, vidole viwili kutoka ile ya kwanza na juu yake kidogo. Kwa penseli nyepesi huoni kitu. Ukishajaza watu na kupitisha wino, ukumbi mzima unakosa mahali pa kusimama, na anayetazama anasikia kizunguzungu bila kujua kwa nini. Mwalimu yule angejua kwa nini. Rula alimwona akilini akiandika sentensi ile ile kwa mara ya pili, na roho yake ikapoa kidogo.

"Iko sawa?" Fundi aliuliza, ameinama begani kwake.

"Iko sawa."

"Wewe ni malaika wangu." Akambusu kwenye paji la uso. Rula aliuacha uso wake pale, akimtazama kwa macho makavu, akiwaza juu ya yule mwanamke na bega lake.

Jumatatu Fundi alianza kuweka watu. Kufikia mchana alikuwa ameweka tisa, na wa kumi akakataa kukaa. Alikuwa mama mwenye kikapu, amesimama upande wa kushoto karibu na nguzo. Kila alipomweka alionekana anazama. Akafuta, akamweka tena, akazama tena. Wakati ule wa stesheni angejilaumu mwenyewe. Lakini sasa alikuwa na miezi mitano ya mafunzo kichwani, kwa hiyo alichomeka pini mezani, akavuta uzi juu ya mistari ya kulia, akavuta mwingine juu ya mistari ya kushoto. Nyuzi zikakosana. Kati yao kulikuwa na nafasi ya vidole viwili.

Alikaa chini kwenye kiti cha cherehani. Alifikiri kwanza kwamba ni kosa. Lakini huyu ni mtu anayefuta mstari mzima kwa sababu ya upana wa unywele. Na kosa la kawaida huwa na fujo, hili lilikuwa safi: kila mstari wa kushoto, pasipo kuacha hata mmoja, ulikwenda kwenye nukta ile ile ya uongo. Hili lilikuwa limepimwa. Mtu alikuwa amekaa ubavuni mwake, akanywa chai yake, akamchimbia shimo kwa rula.

Kwa nini? Hakujua, na kutojua kulimtia wazimu. Alishika simu ampigie amtukane, akaiweka. Kisha akafanya jambo ambalo sitamtetea. Alitandaza karatasi mpya, akaufunga mlango wa duka, akaanza upya peke yake, mistari na watu, na akaamua kwamba Rula atakuwa na nafasi ya kusema. Siku nne, Jumatatu mpaka Alhamisi. Atamuuliza kila siku. Akisema, yataisha. Asiposema, na yeye atajua la kufanya.

"Halo, mpenzi," alimwambia jioni ile, sauti laini. "Nipo kwenye mistari yako hapa. Una hakika iko sawa?"

"Nina hakika."

Jumanne: "Upande wa kushoto nao?"

"Kwani upande wa kushoto una nini?"

"Sijui, nauliza. Wewe ndiye mwenye macho."

"Uko sawa, Fundi. Pitisha wino."

Jumatano alimwuliza, akajibiwa vile vile, tena kwa ukali. Alhamisi alisema, "Kesho naipeleka. Unajua hii ndiyo mara yangu ya mwisho, eh?"

Rula alikuwa amesimama ofisini kwenye ngazi, simu sikioni, na kwa muda mfupi huruma ilimpanda mpaka akataka kusema. Kisha akaliona lile bega.

"Najua," alisema. "Kila la heri."

Fundi alikata simu. Ijumaa aliipeleka chuoni picha mpya, iliyonyooka kama njia ya reli, na ile iliyopindwa akaikunja akaiweka chini ya kitanda. Hakumwambia neno. Alitaka aumie, na alijua namna moja tu ya kumuumiza mtu aliyekwisha kuumiza: kumwacha aamini kwamba amefaulu.

Jumapili shangazi alirudi kutoka kanisani, akaingia chumbani kwake, akatoka amevaa gauni la zambarau.

"Haya, mwanangu. Niambie." Akageuka, akaonyesha mgongo. Nywele alizifunga juu. "Mgongo unaonekanaje?"

Rula alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikabaki hewani.

"Shangazi. Hilo gauni umeshonewa wapi?"

"Kwa yule kijana wako! Wapi tena?" Shangazi alicheka, akajishika kiuno. "Ulidhani nitakuachia hivi hivi? Nimeenda kama mteja, nikamwambia mimi ni nani, nikamwapisha asikuambie. Nilitaka nimwone bila wewe kukaa katikati mnachekeana. Sasa sikiliza. Mkono wa gauni ulikuwa bado, bega langu lote nje, lakini kijana amekaa sakafuni, pini mdomoni, anazunguka upindo, na macho hayakupanda juu ya magoti yangu. Saa nzima! Nikasema huyu ana adabu. Halafu akaniomba anichore nikiwa nimesimama vile vile, yeye hapo hapo chini alipo. Nikajisikia malkia. Nilipomaliza nikamwambia, mwanangu ukimtaka njoo nyumbani useme. Mbona unalia? Vitunguu?"

"Vitunguu."

Bega la kushoto la shangazi lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, kwa miaka thelathini ya kubeba mkoba upande mmoja. Lilikuwa vile vile kwenye picha. Rula aliishi na mgongo ule miaka ishirini, ulimpikia, ulimbeba akiugua, ulimtangulia kwenda shule kila asubuhi, na alipoonyeshwa kwenye karatasi hakuujua. Aliona dirisha na vigae. Fundi hushona upindo akiwa amekaa sakafuni kila siku ya Mungu, na yeye akawaza kitanda tu.

Akaenda uani, akampigia simu.

"Fundi, nina jambo."

"Sema, mpenzi."

Aliufungua mdomo. Akamwona akilini akisikia, akamwona akiinuka, akamwona akiufunga ule mlango usifunguke tena.

"Umekula?" alisema.

"Nimekula." Na Fundi, aliyekuwa amesimama dirishani akisubiri Rula akiri, aliamua kuuzungusha msumari. "Unajua nimeota nini? Nimeota wamenipokea. Unadhani nitapata?"

"Utapata."

"Nikikosa naacha kuchora. Nauza hata penseli. Lakini sitakosa, eh? Mistari uliweka wewe."

Siku kumi na moja zilikuwa hivyo. Alimpigia asubuhi kumshukuru kwa mistari. Alimwambia amemsifia kwa wateja. Siku moja alimwambia ameanza kuaga majirani kwa sababu mwanafunzi wa chuo hana muda wa kushona, na Rula alifunga mlango wa choo cha ofisini akalia kwenye kitambaa. Alikonda. Kazini alichora nguzo mahali pa mlango, na bosi wake, ambaye hakuwahi kumsahihisha, alimsahihisha. Usiniambie kwamba Fundi hakujua anachokifanya. Alijua, na alipokata simu hakujisikia vizuri, na kesho yake alipiga tena.

Siku ya kumi na mbili majina yangebandikwa saa nne asubuhi. Saa tatu Rula alikuwa chuoni. Ukumbi ulijaa waombaji na mama zao, picha zote zimetundikwa ukutani, harufu ya rangi na jasho la wasiwasi. Hakuthubutu kuzitazama kuta. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya mwalimu wa michoro, mzee mwembamba mwenye sweta lililotoboka kiwiko.

"Mwalimu, nimekuja kumsemea mtu. Msimkatae yule fundi cherehani kwa sababu ya mistari. Mistari niliiweka mimi."

"Kusaidiwa mistari kunaruhusiwa, binti."

"Nilimwekea mibovu." Sauti ilimpanda, watu wakageuka. "Nilimpindishia kwa makusudi, nikijua hatapata mwaka mwingine. Nilidhani ana mwanamke. Hakuwa na mwanamke, alikuwa anampima shangazi yangu. Aliniuliza siku nne mfululizo kama iko sawa, na siku zote nne nilimdanganya. Kama kuna karatasi ya kusaini nitasaini. Mpeni nafasi achore tena, hata leo, hata hapa."

Mama mmoja alisema "Ee Mungu" kwa sauti. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwenye sweta, akaivaa.

"Stesheni? Watu ishirini na sita?"

"Ndiyo."

"Njoo unionyeshe mbovu."

Walisimama mbele ya picha. Rula alitafuta vidole viwili vyake, na havikuwepo. Nguzo zilisimama. Mama mwenye kikapu alisimama kwenye sakafu yake, mzito, amechoka, hai. Kila mstari wa kulia na kila mstari wa kushoto ulikwenda mbali, mbali kabisa, ukaishia kwa mtu mmoja mdogo asiyezidi kidole gumba, mwisho wa ukumbi. Sketi ya kijivu, mrija mgongoni. Amewapa watu wote mgongo, na mabega ameyakunja mbele kama mtu aliyeficha kitu kifuani. Ukumbi mzima ulimnyooshea kidole.

Safari hii hakuhitaji rula. Aliujua ule mgongo ni wa nani, na ulikuwa umejaa ubaya.

"Mimi sioni kosa," mwalimu alisema. "Yuko wa tatu kwenye orodha. Lakini huyu mwanamke wa mwisho amenisumbua wiki nzima. Nilitaka kumwuliza fundi amefanya nini." Akamtazama kidogo, akaona sketi, akakohoa, akaondoka zake.

Fundi alikuwa mlangoni, amevaa suti ya kahawia aliyoishona mwenyewe. Alisikia yote. Rula alimpita bila kusimama, naye akamfuata mpaka kwenye ngazi za nje, ambapo watu walikuwa wanakumbatiana na wengine wanalia.

"Ulijua," Rula alisema.

"Jumatatu ile ile."

"Ukaniacha siku kumi na moja!"

"Nilikupa nne kwanza."

"Ulikuwa unanipigia simu kunishukuru! Nilikuwa nakufa, Fundi. Nilikuwa nakufa, nawe unanisimulia ndoto za uongo!"

"Nilitaka uumie."

"Niliumia."

"Na wewe ulitaka niumie."

"Ndiyo," Rula alisema, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta. "Nilitaka uumie sana. Nilitaka wakuandikie ile sentensi."

"Nilijua. Ndiyo maana niliumia." Akakaa kwenye ngazi, akalegeza tai. "Ungeniuliza tu, mpenzi. Ungesema, huyu nani? Ningekuambia ni shangazi yako, kiapo kife. Neno moja."

"Nawe ungeniuliza, mbona umenipindishia? Neno moja."

Rula akakaa ngazi ile ile, mbali naye kidogo. Chini yao msichana mmoja alikuwa anapiga simu nyumbani, anarukaruka, viatu mkononi.

"Shangazi anasema nije nyumbani kusema," Fundi alisema.

"Uje kusema nini?"

"Unajua."

"Hata baada ya haya?"

"Baada ya haya ndiyo naogopa. Lakini nilikaa siku kumi na moja nikikutesa, na kila nikikata simu nilitaka nipige tena, si kukutesa, kukusikia. Nimechoka. Nakupenda na nimechoka. Ukikasirika siku nyingine, utanipigia kelele?"

"Nitapiga kelele mpaka majirani waje."

"Basi nikuoe."

Rula alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimtazama pembeni, shingo, mabega, namna alivyoketi huku mwili wote umeelekea kwake isipokuwa mkono mmoja ulioshika tai.

"Ile karatasi yangu iko wapi? Niliyoipinda."

"Chini ya kitanda."

"Utaitupa?"

Fundi alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, na mtu mwingine angesema ndiyo.

"Hapana," alisema.

Rula aliitikia kwa kichwa polepole. Hakumwomba tena. Alisogea ngazi ile ile mpaka bega lake likagusa la Fundi, akaukubali mkono aliopewa, akiwa anajua atalala miaka yote juu ya ile karatasi.